Chuma kilichopo dukani: shajara ya karakana ya Njiro

Kazi yenyewe

Mteja ana magari ya kupeleka wageni mbugani na anataka karakana yake mwenyewe Njiro, Arusha. Upana ni mita 12 katikati ya nguzo na nguzo, urefu usizidi mita 36, mteremko wa paa nyuzi 10. Nguzo na boriti za umbo la I, papi (vyuma vya kulazia bati) za chaneli yenye midomo, bati juu. Mhandisi anakaa Moshi na hesabu zote ni zake. Fundi mkuu ana kiwanja chake eneo la Unga Limited, na huko ndiko kila kipande kitakatwa, kitatobolewa na kuchomelewa kabla hakijapandishwa lori. Mimi nipo katikati yao: naijenga modeli kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, natoa michoro na orodha ya kukatia.

Humu naandika habari za vipande tu: boriti, papi, pleti na bolti, na jinsi nilivyovitengeneza upya ndani ya programu. Kuta, sakafu na choo cha madereva vina mafaili yake.

Jumatatu

Mhandisi alipiga hesabu kwa IPE 240, boriti ya I yenye kimo cha milimita 240, ambayo imo kwenye maktaba ya programu, tena imepangwa vizuri pamoja na ndugu zake wote wa Ulaya. Nikapiga simu kwa maduka ya chuma hapa mjini. Hakuna hata moja lenye IPE 240. Kilichopo, na kipo kwa wingi, ni kile wanachokiita "mia mbili hamsini kwa mia na ishirini na tano".

Nikaenda na vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Kimo 250, upana wa bapa (ule ubao wa juu na wa chini wa I) 125, ukuta wa kati milimita 6, bapa milimita 9. Hiki ni kipimo cha jedwali la Kijapani la JIS, na kwa hesabu kinatoka kilo 29.0 kwa mita. IPE 240 ni 240 kwa 120, ukuta 6.2, bapa 9.8, kilo 30.7 kwa mita. Kwa nguvu ya kupinda vinakaribiana sana. Mhandisi alirudia hesabu jioni ileile akakubali.

Kwa upande wangu ndipo kazi ilipoanza. Milimita 10 za kimo na 5 za upana huonekana ndogo, lakini kila pleti inayogusa boriti hiyo inazifuata, na kila tundu linaifuata pleti. Halafu kuna ule mviringo wa ndani, pale ukuta unapoungana na bapa: IPE 240 ina nusu kipenyo cha milimita 15, hii ya dukani ina 8. Mtu akitumia famili (kipande cha mfano ndani ya Revit) ya IPE akabadilisha jina tu, mchoro utapendeza na bolti zitakaa vibaya.

Msimamo wangu, na nauweka hapa mapema ili nisirudierudie: maktaba inayokuja na programu ni orodha ya soko la watu wengine. Anayejenga Arusha atengeneze yake, kwa vernia na futi, dukani.

Jumanne

Famili ya boriti. Nimeanza na templeti ya kawaida ya boriti za kimuundo, ya milimita. Ndani yake kuna pleni za marejeo (nyuso za kufungia umbo) kadhaa, na wengi huzichanganya. Pleni za "Left" na "Right" ni mahali boriti inapoanzia na kuishia kwenye gridi, yaani katikati ya nguzo. Pleni za "Member Left" na "Member Right" ni mahali chuma chenyewe kinapoishia. Umbo lako lifungwe kwenye hizi za pili. Ukilifunga kwenye zile za kwanza, boriti itazama ndani ya nguzo hata ufanye nini, na orodha ya kukatia itakuwa ndefu kuliko chuma.

Jambo la pili ni kutaja umbo la mkato. Kwenye dirisha la kundi na parameta (vipimo na sifa zinazobadilishika) za famili kuna kipengele cha "Section Shape". Nimechagua umbo la I lenye bapa sambamba, na mara moja zikatokea nafasi za kimo, upana, unene wa bapa, unene wa ukuta na ule mviringo. Kuanzia toleo la 2019 Revit ina tabo nzima ya kazi za chuma, na maungio yake ya tayari yanataka kujua boriti ni umbo gani. Famili isiyotaja umbo huonekana sawa kwa macho, lakini ukiiwekea ungio la tayari linakataa kukaa.

Mtazamo wa mbali nimeuacha mstari mmoja tu, wa kati na wa karibu ndio wenye umbo kamili. Kompyuta yangu si ya ujana tena.

Alhamisi, dukani tena

Siku ya papi. Mchoro wa Mhandisi unasema chaneli 150x50x20, unene milimita 2. Katika duka la kwanza nikaomba mche mmoja, nikabana vernia kwenye ukingo: 1.6. Nikahamia mche mwingine, 1.62.

"Kaka, hiyo ni mbili ya soko," akasema kijana wa duka, bila wasiwasi wowote.

Mbili ya soko! Kwa uzito, chaneli hiyo ikiwa na milimita 2 kamili ni kama kilo 4.35 kwa mita. Ikiwa 1.6 ni kama kilo 3.51. Moja ya tano ya chuma haipo, na bei ya mche imeandikwa kwa jina la mbili. Nguvu hupungua kwa kiasi hicho au zaidi, kwa sababu bati jembamba likibanwa huanza kujikunja mapema kabla chuma chenyewe hakijachoka.

Kwa anayependa kupima: kwenye chaneli ya mabati, vernia inasoma na zinki pia. Kwa kiwango cha gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, zinki inaongeza kama milimita 0.04. Si nyingi, ila haifai kuihesabu kama chuma.

Nikapima na urefu. Mche wa "mita 6" ulisoma 5.96. Hapo gridi yangu ya mita 6 ikafa palepale. Papi mbili zinakutana juu ya boriti, ncha kwa ncha, zikishikwa na kipande kimoja cha engo (chuma cha umbo la L). Kila ncha inahitaji nafasi ya tundu na ukingo wake. Ukikosa milimita 20 kila upande, tundu linasogea pembeni na bolti inashika hewa. Kupishanisha hakuwezekani: chaneli za C za kipimo kimoja haziingiliani. Zile za umbo la Z ndizo hulaliana, lakini hapa mjini sikuzipata kwa kipimo hiki.

Kwa hiyo gridi sasa ni mita 5.9. Nafasi sita, fremu saba, jumla mita 35.4. Mteja amepoteza sentimita 60 za jengo na hajalalamika.

Alhamisi usiku

Famili ya papi nimeitengeneza kwa njia tofauti. Hapa sihitaji maungio ya tayari, kwa hiyo umbo nimeliacha bila kutajwa na parameta nikazipa majina ya Kiswahili. Vipimo vyote nimevitoa nje, kwenye katalogi ya aina. Hii ni faili ya maandishi ya kawaida, .txt, yenye jina lilelile la famili na kukaa folda ileile. Yangu inaanza hivi:

,Kimo##LENGTH##MILLIMETERS,Upana##LENGTH##MILLIMETERS,Mdomo##LENGTH##MILLIMETERS,Unene##LENGTH##MILLIMETERS
C150x50x20x2.0,150,50,20,2.0
C150x50x20x1.6,150,50,20,1.6
C100x50x20x2.0,100,50,20,2.0

Mkato ule wa kwanza kabisa, kabla ya neno Kimo, usiufute. Ni nafasi ya safu ya majina ya aina. Desimali iwe nukta, kwani mkato ndio unaotenganisha safu. Na famili uiingize kwa amri ya kupakia, hapo orodha itafunguka uchague aina unazozitaka. Faida yake ni kwamba nikienda duka jingine nikakuta 1.8, naongeza mstari mmoja kwenye faili, sifungui famili kabisa.

Ile ya 1.6 nimeiacha makusudi na jina lake la kweli. Mtu akiniletea mzigo wa mbili ya soko, nabadilisha aina kwenye modeli na uzito unajieleza wenyewe mbele ya mteja.

Ijumaa

Simu ndefu na Mhandisi kuhusu papi. Mteremko wa upande mmoja, kutoka katikati ya nguzo hadi kileleni, ni milimita 6,093. Kwa milimita 2 kamili anaruhusu papi ziachane hadi 1,250. Gawanya: nafasi tano za 1,219, papi sita kila upande. Nafasi sita za fremu, pande mbili, miche 72.

Nikamuuliza, tukitumia 1.6 tukazisogeza, papi saba kila upande, si itakuwa yaleyale? Miche ingekuwa 84. Akanijibu kwa hesabu ya haraka: mzigo kwa kila papi unashuka hadi asilimia 83, lakini uwezo wa papi unashuka hadi asilimia 81 kwa unene peke yake, na bado hujaondoa ule udhaifu wa kujikunja. Haitoshi. Tena uzito wa chuma unakaribiana: miche 72 ya milimita 2 ni kama kilo 1,879, miche 84 ya 1.6 ni kama kilo 1,769. Unaokoa kilo 110, unaongeza vipande 14 vya engo na bolti zake, na unapata paa dhaifu. Mjadala ukaishia hapo. Tunatafuta mbili kamili.

(Imepatikana, duka la tatu, upande wa pili wa mji. Vernia ilisoma 1.97. Nimeridhika.)

Jambo moja la kuwekea papi kwenye modeli: mdomo wazi wa C uangalie juu, upande wa kilele, na papi izungushwe nyuzi 10 ifuate mteremko kwa parameta ya kuzungusha mkato. Upande wa pili wa paa alama inageuka. Kama ukinakili upande mmoja kwa kioo, kagua kwa macho kabla hujatoa mchoro, kwa sababu vipande vya engo navyo vinageuka.

Wiki ya pili, Jumanne: pleti ya kichwa

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na sijuti.

Boriti inamalizikia kwenye pleti, pleti inafungwa kwa bolti kwenye bapa la nguzo, na chini yake kuna kipande cha pembetatu cha kuongeza kina. Mchoro wa kwanza ulikuwa na bolti za M16 (kipenyo milimita 16). Fundi mkuu alipouona akatikisa kichwa.

"Dogo, spana ngapi unataka nibebe juu? Bolti za msingi umeniwekea M20. Niwekee M20 kote, nipande na spana ya 30 basi."

Hoja nzuri. Mhandisi hakuwa na pingamizi kwa upande wa nguvu. Swali likawa langu: je, M20 inakaa kwenye bapa la 125?

M20 inataka tundu la 22. Kanuni ya EN 1993 ya maungio (ya Ulaya, ya majengo ya chuma) inataka kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa chuma kusipungue mara 1.2 ya tundu, yaani 26.4. Ukiachanisha bolti kwa 75, namba inayopendwa na wengi, ukingo unabaki 25. Haifai. Upande wa ndani nako kuna mipaka: washa ya M20 ina kipenyo cha 37, na isikalie ule mviringo. Nusu ya ukuta ni 3, mviringo 8, nusu ya washa 18.5, jumla 29.5. Kwa hiyo bolti ziachane kwa 59 au zaidi, na zisizidi 72. Nimechukua 70. Ukingo 27.5, na washa inalala bapa.

Kwa udadisi nikaipitisha IPE 240 kwenye hesabu ileile. Washa inadai ziachane kwa 73.2 au zaidi, ukingo unadai zisizidi 67.2. Haiwezekani. Yaani ombi la Fundi linakubalika kwenye chuma cha dukani na lingekataliwa na chuma cha maktaba, kwa sababu tu ya mviringo wa 8 badala ya 15 na upana wa milimita 5.

Haya yote nimeyatia ndani ya famili, yasibaki kichwani mwangu:

Ukingo = (Upana_nguzo - Nafasi_bolti) / 2
Hatari = Ukingo < 1.2 * Tundu

Hatari ni parameta ya ndiyo au hapana. Nimeifunga kwenye mwonekano wa duara nene jekundu lililokaa mbele ya pleti. Mtu akibadilisha nafasi ya bolti ikawa 75, duara linawaka kwenye modeli nzima, fremu zote saba. Ndani ya kihariri cha famili duara hilo linaweza kufifia tu bila kupotea. Usihangaike, pakia kwenye mradi ndipo uone linavyofanya kazi. Nimeweka la pili kwa ajili ya washa.

Majina ya parameta: programu inatofautisha herufi kubwa na ndogo ndani ya fomula, na kistari cha kawaida inakisoma kama kutoa. Ndiyo maana natumia kistari cha chini. Bolti zenyewe ni mcheduara na kichwa cha pembe sita, basi. Nyuzi za bolti sizichori. Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza nyuzi, na zinaifanya faili kuwa nzito kama gunia la mahindi mabichi.

Alhamisi

Pleti ya chini ya nguzo: matundu manne ya 26 kwa bolti za M20, ili pawe na nafasi ya kusogeza nguzo iwapo zege limezipeleka bolti pembeni, na nafasi ya milimita 25 chini kwa saruji ya kujazia. Famili ni rahisi, sina la kusimulia.

La kusimulia ni karatasi. Kwa Fundi modeli haina kazi yoyote. Anachotaka ni A3 yenye pleti kwa ukubwa wake halisi, aibandike kwenye chuma, apige alama za matundu kwa ponchi, atoboe. Nimemtengenezea. Pembeni mwa kila karatasi nimechora mstari wa milimita 100, na nimemwomba aupime kwa futi kabla hajabandika. Mashine za stesheneri hupenda kupunguza mchoro uingie kwenye karatasi, na asilimia mbili au tatu zikiondoka huzioni kwa macho. Karatasi ya kwanza kutoka ilisoma 97. Ikachanwa, ikachapwa nyingine kwa kipimo kamili.

Ijumaa: orodha ya kukatia

Orodha ya Revit ina safu mbili za urefu wa boriti, na ukichukua isiyo yako utamwaga pesa. "Length" ni kutoka gridi hadi gridi. "Cut Length" ni chuma kinachobaki baada ya kuondoa nguzo na pleti. Boriti zangu za paa zinasoma 6,093 kwa ile ya kwanza. Ukweli wake: toa nusu ya nguzo 125, toa pleti ya milimita 15 upande wa nguzo na nyingine 15 kileleni, gawa kwa kosaini ya nyuzi 10, unapata 5,935.

Miche ya chuma hiki tunaipata ya mita 12. Mbili za 6,093 hazitoki kwenye mche mmoja, kwa hiyo anayesoma safu ya kwanza ataagiza miche 14, mmoja kwa kila boriti, na kubakiwa na vipande vya karibu mita 6 visivyo na kazi. Mbili za 5,935 zinatoka. Ncha zote mbili zinakatwa mshazari kwa pembe ileile, mikato ni sambamba, kwa hiyo mkato wa kati unatumika na boriti zote mbili. Mshazari unakula milimita 44 mara moja tu, diski ya grainda 3. Jumla 11,917. Zinabaki milimita 83 na miche ni saba.

Namba hiyo niliihakiki kwa mkono, kwani ncha zikiwa za mshazari safu ya programu ina namna yake ya kuchagua pa kupimia. Fundi naye akaja na futi, akapima miche yote saba dukani kabla haijapakiwa, maana na hapa mche mmoja wa 11.90 ungetuharibia. Yote ilizidi mita 12 kidogo.

Vipande vya pembetatu vinatoka kwenye mabaki ya nguzo. Nimemwachia Fundi apange mwenyewe, analiweza hilo kuliko mimi.

Jumatatu

Mhandisi hana Revit, na hahitaji. Nimemtumia faili ya IFC, ya kubadilishana modeli kati ya programu tofauti, akaifungua Moshi kwa programu ya bure ya kutazamia. Kabla ya kuitoa nimezipa papi daraja lake: IfcMember, aina PURLIN, badala ya kuziacha zitoke kama boriti za kawaida. Kwa njia hiyo anaweza kuzizima zote 72 kwa mbofyo mmoja akatazama fremu peke yake. Vipande vya engo vimetoka 84, sawa na hesabu ya fremu saba mara papi 12.

Amerudisha maoni mawili. Moja, pleti ya kileleni iongezwe bolti mbili upande wa chini. Famili ikakubali bila kelele, duara jekundu halikuwaka. La pili, vyuma vya kukaza paa kwa mshazari viwe vya duara milimita 16 na viwekwe kwenye nafasi ya kwanza na ya mwisho. Hivyo bado. Famili yake inahitaji ncha yenye nyuzi na kipande cha kushikia kwenye ukuta wa boriti, na nataka kwanza nione Fundi ana nati za aina gani stoo.

Miche saba imeshashushwa Unga Limited. Papi zinafuata Jumatano, na vernia nimeiacha kwa Fundi.